Trekta Jipya la Shemeji

Chumba cha nyuma, karakana ya matrekta
Tarehe 9 Februari

Mpendwa dada,

Leo ni mwaka na miezi minne tangu nifunge mzigo wangu. Hujambo wewe? Mgongo umepoa? Shemeji na watoto je? Mimi mzima, ila mikono inanuka petroli hata nikila, na mwenzangu wa chumbani anakoroma mpaka tumempa jina Jenereta.

Barua yako imenifika, pamoja na picha ya trekta. Umeandika kwamba shemeji ana furaha kama bwana harusi, na muuzaji anaapa limetoka kiwandani juzi. Mnangoja neno langu ili shamba la bondeni alilotuachia baba liuzwe, lilipie trekta.

Dada, kazi yangu hapa ni kuosha matrekta yaliyochoka. Yakikauka, fundi anayapulizia rangi, saa inayohesabu kazi ya injini inarudishwa sifuri, kiti na pedeli vinavishwa nailoni. Kisha yanapelekwa dukani. Siku moja nilimuuliza fundi kama wanunuzi hawashtuki. Akacheka: "Bibi huyu nikishampaka poda, hata mume wake wa kwanza hamtambui."

Lakini fundi ana haraka. Husahau kufunika mipira inayopitisha mafuta, nayo inarukiwa na rangi. Picha yako nimeitazama dirishani mpaka macho yakauma. Mpira ulio chini ya usukani una madoa mekundu, rangi ile ile ya trekta. Huenda ni kivuli. Sidhani.

Nenda mwenyewe, bila kumuaga mtu. Funua nailoni ya miguuni, upapase pedeli ya klachi. Ikiwa imelika na inateleza kama kipande cha sabuni, jua miguu mingi imepita hapo.

Na nisamehe, shemeji anakimbilia wapi? Muuzaji anayemnunulia soda kila akipita simwamini hata kidogo.

Si kwamba sitaki mpumzike. Nakumbuka jembe lilivyokuchubua viganja. Ila trekta likizima tutabaki na chuma uani, na bondeni atalima mwingine.

Nisalimie shangazi. Kitindamimba wetu mwambie akazane na shule, asinifuate huku. Mungu awafunike nyote.

Usiweke sahihi ya kuuza shamba, nami siweki. Ruhusa nimeshapewa: nitashuka kwenye basi Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne. Usinipikie kwanza. Tutaanzia kwa muuzaji, mimi na wewe, na kitambaa changu na chupa ya petroli, tuone rangi ya chini.

Mdogo wako akupendaye