Jina Nililoita Barabarani

Jumatatu, 2 Machi 1981

Mimi ni mzima, na natumaini nyinyi nyote ni wazima. Mwalimu wa ngumbaru amesema tuandike mambo ya nyumbani kila siku, yeye hatasoma, ni ya kuzoeza mkono. Sijui daftari huanzwa vipi. Barua najua. Basi nasalimu. Salamu kwa Mutunga, bwana yangu, yuko nje anaziba pancha. Salamu kwa Ndinda, mtoto wangu mkubwa, wa darasa la tatu. Salamu kwa Baba, kijana wangu wa miaka minne. Jina lake ni la baba mkwe, kwa hivyo mdomoni mwangu yeye ni Baba tu. Nthoni ni nthoni — mke hataji jina la baba ya bwana yake. Salamu kwa Kalondu anayetambaa na kula mchanga. Salamu kwa huyu wa tumboni, bado hajasema yeye ni nani. Salamu kwa Khamisa wa hoteli ya chai, tunagawana ukuta. Kama nimesahau mtu asikasirike.

Hapa Salama, kando ya barabara ya Mombasa, hakuna jipya. Lori tu.

Jumatano, 4 Machi

Nikienda kuteka maji namfunga Kalondu kwa leso kwenye mguu wa meza. Analia lakini yuko. Baba hafungiki. Anajua lori kwa sauti kabla haijatokea kwa kona. Madereva wanampenda, wanamrushia ndizi, wanapiga honi makusudi ili akimbie. Leo mmoja amesema atamchukua awe taniboi wake, msaidizi wa lori. Wakacheka wote. Mimi sikucheka.

Jioni nimemwambia Mutunga tuhame, twende kwao Kalamba kabla huyu hajazaliwa. Akasema, Kalamba nitaziba nini, pancha ya punda? Nikasema kuna baiskeli. Alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. "Mama Ndinda, hii barabara ndiyo inatulisha."

Ndiyo. Na yenyewe inakula nini?

Jumamosi, 7 Machi

Wazima. Wote wazima. Naandika hivyo kwanza.

Mchana nilikuwa naanika nguo. Honi ikalia ng'ambo, dereva anashika mkungu wa ndizi juu. Baba akatoka mbio. Na kutoka upande wa Mombasa lori ya mafuta inateremka, haina habari. Nikaita "Baba!" Akageuka akamwangalia Mutunga — alifikiri namwita babake! Akacheka, akaendelea kukimbia. Nikaita tena, "Baba!" Mutunga ndiye aliyesimama.

Basi nikaliita. Lote. Kwa sauti ya kufukuza fisi. "Kivuva!"

Akasimama pale pale, ukingoni mwa lami, kama amemwagiwa maji. Hajawahi kulisikia kwangu. Lori ikapita, shati lake likavimba kwa upepo. Nilimfikia nikamchapa matako, halafu nikamkumbatia, halafu nikamchapa tena.

Na basi la kwetu lilikuwa limesimama pale, madirisha yote yamejaa watu wa Kalamba.

Nimeliandika pia. Kalamu haina haya.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani wamama walinisalimia kwa ncha za vidole. Mmoja akauliza, kwani hukuweza kuita jina lingine? Nikamwambia lingine lilikuwa limeisha.

Khamisa kaniletea mahamri. Anasema, "Wewe shoga, kwetu mtoto aitwa jina lake mpaka alichukie. Jina la mzee halikupungua. Kula." Nikala. Nikalia pia kidogo.

Jumatano, 11 Machi

Mzee, baba ya Mutunga, amesikia. Neno limekuja na kondakta: mzee anasema ametangazwa barabarani kama kuku wa kuuzwa. Na ndiye mwenye shamba la Kalamba! Bila neno lake hatuna mahali pa kuweka hata jiko.

Mutunga amekasirika. Anasema, sasa nitamwangalia baba na macho gani? Nikamuuliza, na ungemwangalia na gani ukimpelekea wajina wake ndani ya blanketi? Akakaza nati iliyokuwa imekazwa tayari. Mwishoni akasema niende mimi, kwa sababu mimi ndiye nilitaja.

Sawa. Nitaenda mimi. Nafunga sufuria na nguo. Si za kutembea. Zote.

Jumamosi, 14 Machi

Kalamba. Miguu imevimba, lakini tumefika.

Mzee alikuwa kando ya ghala anachonga mpini. Mimi nyuma ya ukuta wa jikoni, maana nthoni hainiruhusu kusimama mbele yake. Mama mkwe katikati, anapepeta kunde. Nikamtuma Baba. Nilimfundisha vizuri njia nzima: sema, mama anaomba mahali pa nyumba.

Akaenda akasema, "Babu, lori ilitaka kunikula."

Sikumtuma hivyo!

"Ukafanya nini?"

"Nikasimama."

"Kwa nini ulisimama?"

"Mama aliita."

"Aliita nani?"

Nilishika ukuta. Huyu wa tumboni alipiga teke.

Mtoto akafikiri, kidole puani. "Alituita sisi wawili. Mimi nikasikia."

Mama mkwe aliangusha ungo, kunde zote chini, akicheka ndani ya leso. Mzee akakohoa, akakohoa. Halafu akasema kwa sauti ya kufika jikoni: "Mwambie mama yako faini ni mbuzi mmoja. Dume. Na mwanangu mwenyewe aniletee kwa mkono wake, si kwa kondakta."

Juu ya shamba hakusema neno.

Jumapili, 15 Machi

Kanisa. Mvua kidogo. Kimya cha hapa kinaniamsha usingizini. Baba ameuliza lori zinalala wapi.

Jumatatu, 16 Machi

Asubuhi nimempeleka Ndinda shule ya hapa. Mwalimu akauliza, ni wa kutembea ama wa kukaa? Nikasema wa kukaa. Ulimi ulisema kabla yangu. Sasa imesemwa.

Leso iko kiunoni mwangu, haijafunga mtoto tangu tufike. Kalondu amemfuata kuku mpaka kwa ua na sikuinuka.

Tangu alfajiri mzee anafyeka ng'ambo ya mihogo. Nilimuuliza mama mkwe anafyeka nini. Anasema labda kuni, na nisiulize sana. Lakini kuni gani, na anang'oa mpaka visiki? Nikamwita Baba nimchunguze. "Babu amesema nisiseme."

Basi la Salama litapita kesho asubuhi. Nitachana karatasi hii nimpe kondakta.

Mutunga, sisi wote ni wazima: Ndinda, Baba, Kalondu, wa tumboni, mama yako, na yule nisiyemtaja. Tunatumaini na wewe ni mzima, pamoja na Khamisa. Mimi sirudi Salama. Njoo na mbuzi dume, umshike wewe mwenyewe. Njoo na pampu na solesheni ya kubandika pancha pia. Hapa baiskeli ni nyingi, na njia ni miiba mitupu.

Ngoja, Baba amekuja anakimbia. Ametumwa. Anasema babu anauliza, mlango wa nyumba utaangalia wapi?

Hilo ni swali la mwenye nyumba, yaani wewe, nami sina ruhusa kumjibu. Mzee amesimama kule na panga, anangoja. Mtoto ananivuta mkono. Mutunga, tuma neno haraka. Ukichelewa, nitamjibu.