Jina Lako Nimewanyima

Baba Neema,

Nimekasirika. Nakuambia mapema usije ukadhani nimeketi hapa Newtown, huku ughaibuni, nikilia na kitambaa mkononi.

Juzi tulianua matanga. Ndugu yako Joeli alikuja kutoka Longbridge akagawa vitu vyako kama ilivyo desturi: koti kwa huyu, viatu kwa yule. Hayo niliyakubali. Halafu akatangaza kwamba hata jina lako ameshaligawa. Profesa wako alimwomba aliweke kwenye makala ya utafiti wa ile miche mliyokuwa mkiipima, ati kukuenzi, naye akakubali. "Shemeji, hiyo ni honour kubwa. Usituletee maneno."

Honour gani! Makala inasema miche ya misonobari ikipewa hewa ya ukaa kwa wingi, majani hupika chakula kwa kasi na mti hunenepa. Basi, imekwisha. Wewe ulikataa kuandika hivyo. Ulikuwa ukirudi kutoka nyumba ya vioo mlimoiotesha, hujavua hata koti, unaniambia majani yameanza kulegea. Wiki za kwanza yaliila ile hewa kwa pupa, kisha kasi ikashuka, na mizizi imejazana kwenye vikopo haina pa kwenda. "Ngoma ivumayo haidumu, Mama Neema. Tungoje." Mimi nilitaka tu uje ule ugali kabla haujapoa.

Moyo wako haukungoja. Ukaanguka, ukaniachia mimi, muuguzi, kazi ya kubishana na profesa juu ya majani. Tena kwa Kiingereza! Hilo sijakusamehe.

Nilikwenda kwa profesa na sare yangu ya kazi. Akaniambia vipimo vyako vya mwisho vilikuwa vichache mno. Nikamwambia basi ahamishie miche kwenye vyungu vikubwa, apime tena. Akasema hana muda, na miche yenyewe imeshatupwa. Imetupwa, Baba Neema! Nikamwambia jina la mume wangu halitakaa juu ya neno alilolikataa akiwa hai. Akalifuta mbele yangu. Sasa Joeli hanisemeshi. Anasema nimempokonya mtoto urithi wake.

Labda. Neema akikua nitamwambia baba yake alitaka kungoja, wenzake wakakataa.

Lala salama, mume wangu. Hasira zikinitoka nitakulilia, nakuahidi. Bado hazijanitoka.

Mama Neema