Samaki wa Katikati ya Ziwa

Msasani, Tukuyu
Jumapili, 14 Mei 1995. Asubuhi: ukungu mzito, manyunyu tangu alfajiri.

Kwa wifi yangu mpendwa Tupokigwe,

Ugonile, wifi. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo kwenu Mpuguso, wewe na watoto. Je, kikohozi cha Lusungu kimepungua? Mimi mwili haujambo. Mama anakula kidogo, na bado humwita kaka Ackson chai ikiiva.

Siku ya tatu ya msiba uliniuliza kama mume wako alikuwa mwongo. Nikasema ngoja nikaangalie uji, nikakukwepa. Leo nakujibu.

Unakumbuka nilivyopunguzwa kazi ofisi ya ushirika, kisha nikapata kibarua kwa mtafiti, Bwana Alfred. Alitueleza kwamba chakula cha samaki huacha alama katika nyama yake, na mashine za ng'ambo huisoma: huyu amekula vya ufukweni, huyu vya katikati ya ziwa. Kaka alitega nyavu sehemu zote mbili. Mimi nilikata vipande vya nyama, nikavitia katika bahasha na kuandika kila kimoja kilikotoka.

Majibu yalirudi Aprili. Wengi walioandikwa "katikati" walikuwa na alama ya ufukweni. Bwana Alfred akasema mbele ya watu kwamba Ackson aliogopa kina, akategea ukingoni na kutudanganya sote. Kaka akaapa kwamba alifika, akanigeukia, akasema mwulizeni dada yangu. Nikasema niliandika kama nilivyoambiwa. Jirani yetu Lazaro akacheka kwamba Esnath hakosei, huyo huandika hata saa ya kuku wake kutaga. Tangu hapo kilabuni wakamwita Mvuvi wa Magotini, wakimwuliza kama suruali imelowa.

Ndiyo maana tarehe 22 aliingia ziwani peke yake na mtumbwi, ukungu ukiwa umefunga, ili awaletee samaki wa katikati. Siku hiyo tulipata mtumbwi tu. Yeye tulimpata kesho yake.

Wifi, mume wako hakusema uongo. Tarehe 9 Machi mwaka jana mkaa wa kukaushia vile vipande vya samaki uliniishia. Nikazipanga bahasha darini jikoni, tunapokaushia mbegu za mahindi, na chini yake nikachemsha ndizi. Mvuke ukafuta wino. Nikaandika upya kwa kukisia: vipande vikubwa katikati, vidogo ufukweni. Niliogopa kupoteza kazi mara ya pili.

Ukurasa wa shajara yangu wa siku hiyo nimeuweka humu. Nakala nimempa mchungaji aisome Jumapili ijayo, nami nitakaa benchi la mbele. Mama bado hajui. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe uliniuliza.

Nisalimie wazazi. Watoto wakikatazwa kuniita shangazi, sitalalamika.

Ni mimi wifi yako,
Esnath

Jumatatu asubuhi: nimeiandika mara tatu, hii ndiyo ninayoituma. Nililala saa tisa kasoro robo.