Bahasha Yenye Kingo Nyeusi

Mjukuu wangu Nabwire,

Nakusalimu kutoka Nakuru, ambako bado nabeba saruji ingawa mgongo unakataa. Bibi yako anasema mahindi ya nyumbani Bulumbi yameota vizuri.

Umeniuliza kama uweke zile alama za picha, moto na kengele, kwenye kichwa cha barua pepe yako ya kuomba kazi, ili isipitwe. Nikiwa kijana kibaruani Tororo, nilitaka barua yangu isomwe upesi nyumbani, nikapaka kingo za bahasha wino mweusi. Niliona imependeza. Sikujua kwamba bahasha ya namna hiyo ni ya msiba.

Mama hakujua kusoma. Alipoipokea alianguka chini akilia, majirani wakajaa uani. Katekista akaifungua.

"Mama Wandera, nyamaza! Maiti wako anaomba shati."

Watu walicheka. Mama hakucheka.

Weka alama, mjukuu wangu, lakini iwe moja, na iseme kilicho ndani. Mtu huiona kabla hajakusikia wewe. Mimi baadaye nilituma barua katika bahasha nyeupe zisizo na alama yoyote, miaka mingi. Kila moja mama aliipeleka kwa katekista, na kabla hajaifungua alimwuliza, "Yuko hai?"

Babu yako,
Wandera