Gari Nililomchagulia Kaka Masanja

Jumamosi, 9 Novemba
Yadi ya tatu ya magari leo. Vumbi mpaka kwenye meno. Dukani nimemwacha Neema, binti yangu, na kitenge hakijauzika hata kimoja.

Kaka Masanja kapiga simu mara mbili kabla ya mchana. Anataka gari lililoinuka juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mapambo hataki. Yeye ndiye anayekaa na Mama kijijini, ng'ambo ya ziwa, mbele ya Sengerema. Kila wiki anampeleka hospitali kusafishwa kidonda cha mguu. Sukari hiyo. Wanakwenda kwa bodaboda, Mama kabanwa katikati, na mvua zikikaza bodaboda hazipiti. Ndiyo maana yeye, mimi na mdogo wetu Ester wa Dodoma tumechanga. Magari yako Mwanza, mimi niko Mwanza. Kazi ikaniangukia.

Nimeona moja la kijivu. Viti vimechanika, mlango wa nyuma umefungwa kwa waya. Lakini limeinuka vizuri na linavuta mbele na nyuma, nimejaribishwa kwenye kifusi. Lenyewe baya. Nimeona aibu hata kukaa ndani.

Jumanne, 12 Novemba
Nimeona jeupe. Viti safi, redio inaimba, rangi kama sahani mpya. Nyuma limeandikwa kwamba ni la magurudumu manne.

Muuzaji ni mtu mzima, mpole. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, akanisimamisha.

"Dada, nikuambie kabla hujalipa. Shafti ya kwenda nyuma ilitolewa na mwenye gari wa kwanza. Linavuta mbele tu. Kwa hapa mjini hutaona tofauti."

Nikamwambia nitafikiria. Nilichokuwa nafikiria ni tarehe saba Desemba, sherehe ya kumuaga Neema kabla ya harusi. Wakwe wanatoka Bukoba. Nani awapokee stendi, na gari gani?

Jumatano, 13 Novemba
Nimelinunua.

Nimejiambia shafti inaweza kurudishwa baadaye. Nimejiambia Masanja ni mwangalifu, aliwahi kuendesha trekta. Nimejiambia mengi. Ester nimemtumia picha, kafurahi. Shafti sijaitaja.

Jumamosi, 16 Novemba
Nimevuka nalo kwa kivuko cha Kamanga. Watu kwenye kivuko wanalitazama, na mimi najifanya sioni.

Masanja alinawa mikono kabla ya kugusa mlango. Wifi yangu Kabula, mke wake, akatandika khanga kiti cha nyuma ili Mama akae. Mama akaingia, akashusha kioo, akapandisha, akashusha tena.

Masanja akazunguka nyuma, akasoma maandishi kwa sauti. Akaniuliza, "Kwa hiyo linavuta kote?"

"Si umesoma mwenyewe," nikamjibu.

Akacheka, akaona swali lake la kijinga. Sijasema uongo. Nimefanya kibaya zaidi ya uongo, maana nimemfanya acheke.

Jumapili, 8 Desemba
Sherehe jana ilipendeza. Gari lilikuwa kwangu wiki nzima, nilimwomba Masanja mapema na hakusita. Wakwe wamepokelewa vizuri. Baba mkwe wa Neema kapapasa dashibodi, kasema tumejiweza.

Wiki hiyo Mama kapanda bodaboda kwenda kliniki. Kabula ndiye aliyeniambia, bila lawama yoyote, tukiosha vyombo.

Alhamisi, 19 Desemba
Mvua tangu jana. Kilima cha Bugando hakionekani.

Masanja kapiga. Gari linaserereka mbugani, kwenye udongo mweusi, nyuma inakwenda kushoto. Anauliza kama kuna kitufe cha kubonyeza. Nimemwambia aendeshe polepole.

Kitufe hakuna. Nilijua hilo nikiwa nimeshika simu.

Jumatatu, 23 Desemba
Ester kapiga akilia. Masanja kavunjika mguu.

Nimepata maelezo vipande vipande. Walikuwa wanampeleka Mama. Wamekwama kwenye mteremko wa majaruba ya mpunga, udongo mweusi ule unaoshika kama gundi. Kabula kashika usukani, Masanja kashuka kusukuma. Gari likapanda kidogo, likarudi kinyumenyume. Limembana kwenye ukingo wa jaruba. Mfupa wa chini, mguu wa kulia.

Mama alikuwa ndani muda wote. Majirani wamelitoa gari kwa ng'ombe. Masanja na Mama wakapelekwa hospitali kwa mkokoteni mmoja.

Nimefunga duka. Kesho kivuko cha kwanza.

Jumanne, 24 Desemba
Sengerema, wodi ya wanaume. Nilimwamkia, akaitikia kama kawaida. Mguu umewekwa plasta mpaka juu ya goti, umevimba vidole. Mama amelazwa jengo la pili, kidonda kimeingia tope alipokuwa anahamishiwa kwenye mkokoteni. Wanasema wataokoa mguu. Wamesema "wataokoa" na mimi nikasikia kwamba kuna namna nyingine.

Masanja akanishika mkono.

"Leah, unisamehe. Mmejinyima mkanipa gari zuri, nami nimeliharibu. Bampa la nyuma limepasuka."

Ananiomba radhi. Mimi. Nikasema usijali, bampa ni plastiki tu. Hilo ndilo lililotoka kinywani mwangu.

Jumatano, 25 Desemba
Krismasi. Sikwenda kanisani. Nimewapikia wali, nimewapelekea. Mama kauliza mbona sili.

Ijumaa, 27 Desemba
Kila anayekuja kumwona, Masanja anamweleza. Gari halina tatizo, anasema, ni yeye aliyekuwa hajui kuliendesha. Trekta na gari ni vitu viwili. Anasema mpaka kwa watu wasiomuuliza. Kabula anakaa pembeni, anatazama mikono yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Nilikuwa sijalifikiria hilo. Anadhani yeye ndiye aliyemvunja mume wake.

Jioni Ester kwenye simu: afadhali gari likae kwako, dada, kaka asiliguse tena, umri umeenda. Nikanyamaza. Akachukua kimya changu kuwa ndiyo.

Nimejichukia leo kuliko siku yoyote.

Jumamosi, 28 Desemba
Nimemwambia.

Nilisubiri wauguzi wapite. Kabula alikuwa anamlisha uji, nikamwomba abaki. Nikasema yote. Kwamba shafti ya nyuma haipo. Kwamba muuzaji aliniambia kwa mdomo wake kabla sijatoa hata senti. Kwamba nilitaka gari la kupokelea wakwe.

Nilitegemea hasira. Masanja akamgeukia mke wake.

"Umesikia? Kwa hiyo si wewe. Wala si mimi."

Kabula aliweka bakuli chini, akajifunika uso kwa khanga. Alilia bila sauti. Nikasogea nimshike bega, akaliondoa.

Baadaye sana Masanja akaniambia, bila kunitazama, "Ungenitajia tu. Hata siku ile nilipokupigia. Ningepita njia ya mlimani. Ni mbali, lakini ina changarawe. Hata gari la kuvuta mbele tu lingepita."

Ndivyo hivyo. Gari lenyewe lingeweza kuwafikisha. Kilichokosekana ni neno langu moja, na nafasi ya kulisema nilipewa mara mbili.

Jumapili, 29 Desemba
Nimempigia Ester. Kakata simu. Kapiga tena baada ya muda, katukana, kakata tena. Ana haki.

Mama sijui kama ameambiwa. Ananitazama kama aliyeambiwa.

Alhamisi, 2 Januari
Nimebaki kijijini. Duka kalishika Neema, harusi yake bado. Miche ya mpunga imeshapita umri wa kupandikizwa, na mwenye shamba ana plasta. Basi nimeingia mimi.

Mgongo umegoma. Nilikulia kwenye majaruba haya, lakini mjini nimeshasahau. Mistari yangu inapinda. Kabula anapanda mbele yangu, haraka, ananiachia mafungu ya miche kwenye maji bila kugeuka. Hanisemeshi. Ananiachia miche tu.

Masanja kaletwa kwa mkokoteni, kakalishwa ukingoni. Hajasema kitu siku nzima, ila mara moja: "Iachie nafasi hiyo miche. Unaibana."

Jumatatu, 6 Januari
Mama karuhusiwa. Kidonda kinafunga. Kidole kidogo kimoja wamekikata. Anasema hakikuwa na kazi yoyote. Anasema hivyo ili nisikie.

Jaruba la mwisho limekwisha. Mikono yangu imechanika kila kidole. Sisemi ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu inauma kushika kalamu.

Ijumaa, 10 Januari
Mwanza. Gari jeupe limepata mnunuzi, mwalimu wa Mkuyuni anayetaka la kuzunguka mjini tu. Nimemwambia habari ya shafti kabla hajafungua mlango. Nikamwambia tena wakati anaondoka, mpaka akanitazama vibaya. Limeuzwa kwa hasara. Nimejazia kwa kuuza friji la duka na vitenge vyote vya jora.

La kijivu nilikwenda kuliulizia. Liliuzwa zamani.

Jumamosi, 18 Januari
Masanja kavuka mwenyewe, na magongo. Nilimsubiri kivukoni upande wa mjini. Hakutaka kushikwa kushuka.

Tumezunguka yadi asubuhi yote. Anauliza wauzaji, mimi nabeba mfuko wake wa dawa. Mwishowe tumefika kwenye gari la bluu, limechubuka ubavu mzima, magurudumu makubwa, limekaa juu. Yeye hawezi kuinama. Akaniambia niingie chini nitazame.

Nikalala kwenye vumbi na gauni langu. Nikatazama. Nikamwambia shafti ipo, imefika mpaka nyuma, imefungwa pande zote mbili.

"Una hakika?"

"Nimeishika, kaka."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwita mwosha magari aliyekuwa karibu, mtu asiyemjua kabisa, akamwomba naye aingie chini atazame.

Nilisimama pale najipangusa vumbi. Yule mtu akatoka, akasema ndiyo, ipo. Masanja akasema, "Haya, tulichukue hili."

Ijumaa, 31 Januari
Mvua tangu alfajiri. Ilipofika saa nne nikashindwa kukata kitambaa, nikakaa tu na simu mapajani. Leo ni siku ya kliniki. Jirani yao ndiye anayeendesha, mpaka mguu wa Masanja ukae sawa.

Saa nane Mama kapiga. Wamekwenda, wamerudi. Muuguzi kasema safari nyingine aje baada ya wiki mbili. Gari lina kelele kama mashine ya kusaga, Mama anasema, na kiti kimoja kina misumari. Kaniuliza nakuja lini.

Kabla sijajibu nikamsikia Masanja nyuma yake.

"Mwambie aje na gambuti. Palizi imeanza."

Mama akarudia maneno yote kana kwamba sikuyasikia. Nikasema sawa, nitakuja Jumatano.

Mvua ilipopungua nikashuka sokoni Mkuyuni kutafuta gambuti, buti za mpira. Saizi yangu hawakuwa nayo. Nimechukua za kijani, zinanipwaya kidogo, nitavaa na soksi mbili.