Mkeka Uliosukwa na Mama Mwenyewe

Izigo, 12 Juni

Mjukuu wangu Koku,

Huku hatujambo. Kahawa tumeanza kuchuma, ingawa bila babu yako shamba limekuwa kimya mno. Unauliza kwa nini Waingereza, wakishasema kitu kimefanywa na fulani, huongeza tena "himself" au "herself", yaani "mwenyewe".

Nilipokuwa shuleni Bukoba, muda mfupi baada ya mama yangu kufariki, mwalimu alitaka tulete kitu cha nyumbani na kukieleza kwa Kiingereza. Nikasema mkeka wangu ulisukwa na mama.

"Waitu, acha uongo!" mwenzangu mmoja akacheka. "Huo ni wa sokoni, umenyooka mno."

Machozi yakanilenga. Mwalimu akasema taratibu, "Rudia, na mwishoni ongeza 'herself'."

Nikarudia: "It was woven by my mother herself." Yule aliyenicheka akaupapasa ukingo wa mkeka.

"Alikufundisha na wewe?"

"Alikuwa ameanza."

Ukiliweka neno hilo kila mahali litachosha wasomaji. Mimi huliweka pale ambapo mtu anaweza kunyimwa sifa ya kazi ya mikono yake.

Ukisali jioni, nami unitaje.

Bibi yako,
Paskazia