Macho Yake Yameanza Kucheza

Alhamisi, saa tisa alasiri. Upepo wa Same haujatulia tangu asubuhi. Nimefunga madirisha yote na bado vumbi limeingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Mtoto amelala. Mama mkwe yuko uani, anafua nepi ambazo nilishazifua jana.

Naandika kwa sababu sijui niipe mikono kazi gani nyingine.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Macho yangu yanacheza. Yanakwenda kushoto na kulia, haraka haraka, bila mimi kuyatuma, tangu nizaliwe. Mimi mwenyewe sioni dunia ikitikisika. Kwangu imetulia kama kwenu. Anayeona ni yule anayenitazama. Nikigeuza uso kidogo upande wa kulia yanapungua, ndiyo maana wateja pale steshenari ninakochapa barua hudhani nina maringo. Nikiwa na hofu yanaongeza kasi. Leo sijui yanakwendaje.

Mume wangu aliponipeleka kwao Kighare kunitambulisha, mama yake aliniuliza taratibu tukiwa wawili jikoni, "Macho yako, mwanangu, ni ya kuzaliwa nayo?" Nikamjibu hapana, ni degedege lililonipata utotoni. Jibu lilitoka haraka kwa kuwa nilikuwa nimeliandaa. Kabla ya mume wangu kulikuwa na mwanaume mwingine, na shangazi zake walimwambia nitamzalia watoto wenye macho kama yangu. Hakurudi tena.

Kwa hiyo nilidanganya, mume wangu naye nikamwambia hivyo hivyo, na ameishi na uongo huo miaka minne akidhani ni kweli. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana macho haya haya. Siku ya harusi nilimwomba avae miwani nyeusi.

Aliivaa. Hakuuliza kwa nini.

Sasa tuna Elibariki, ana miezi mitatu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa namnyonyesha, akaachia ziwa akanitazama, na macho yake yakaanza kwenda. Kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayesoma mstari mmoja wa kitabu na kuurudia bila kuumaliza. Nikadhani ni mwanga wa dirishani. Nikamgeuza. Yakaendelea.

Tangu siku hiyo nimekuwa kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Bibi yake akiingia, namlaza mtoto begani, uso wake ukutani. Baba yake anafanya kazi kwenye machimbo ya jasi kule Makanya, hulala huko wiki nzima. Akirudi Jumamosi namwambia mtoto ana usingizi. Kila asubuhi nasubiri Eli afumbue macho, namwomba Mungu yawe yameacha.

Hayajaacha.

Leo ilikuwa siku ya chanjo. Mama mkwe akasema tutakwenda wote. Nilitafuta sababu ya kumzuia, sikuipata. Nesi alimpima Eli uzito, akamchoma sindano, akamwinua kumbembeleza, kisha akamtazama usoni. Akamtazama tena. Akatuelekeza chumba cha macho.

Mtaalamu wa macho alikuwa kijana mpole. Alimmulika kwa tochi ndogo, akapitisha mpira mwekundu mbele yake. Eli aliufuata, macho yakicheza njia nzima. Halafu yule kijana akaniangalia mimi.

"Na wewe mama, ulizaliwa nayo?"

Mama mkwe alikuwa amekaa ubavuni kwangu, mkoba wa mtoto mapajani. Nilitamani aniulize kitu kingine chochote.

"Ndiyo," nikasema. "Na mjomba wangu pia."

Sikugeuka kumtazama mama mkwe. Kijana aliandika kwenye kadi, akaeleza kwamba mara nyingi macho ya kurithi namna hii hayazidi kuharibika. Mtoto huona, na akikua hujifunza mwenyewe kugeuza shingo pale yanapotulia. Lakini hawezi kusema kwa hakika bila mtoto kupimwa ndani ya jicho, maana wakati mwingine kucheza huko ni dalili ya tatizo lingine. Akatuandikia barua ya rufaa. Moshi, Jumatatu.

Tatizo lingine. Katika yote aliyosema, maneno hayo mawili ndiyo niliyotoka nayo.

Njiani mama mkwe alimbeba Eli mwenyewe. Alitembea mbele yangu mpaka tulipolipita soko. Nami nilikuwa nikijiandaa kwa lolote: mwongo, mlaghai, umemharibu mjukuu wangu. Akasimama kwenye kivuli cha duka la mbegu, akasema bila kunitazama:

"Mimi nimeyaona siku nyingi."

Nikasogea kivulini karibu naye.

"Nilidhani ni mimi. Siku moja nikimwogesha aliniponyoka, kichwa kikagonga ukingo wa beseni. Alilia kidogo tu. Sikukwambia. Siku zote hizi najiuliza nitamwambia nini mwanangu."

Nikasema, "Pole, Mama." Ndilo neno pekee lililokuja, na lilikuwa dogo mno.

"Ungeniambia kule jikoni ningekukubali," akasema. "Au labda nisingekukubali, sijui. Lakini mzigo huu nisingeubeba."

Akamweka Eli sawa begani, tukaendelea kutembea. Karibu na nyumbani akaongeza, "Baba yake utamwambia wewe. Mimi simo."

Sidhani kama amenisamehe. Sijui pia kama naruhusiwa kuomba anisamehe mapema hivi. Nilimficha aibu yangu, kumbe uongo wangu ulikuwa unamla mtu mwingine pole pole, tena mtu aliyeacha shamba lake milimani kuja kunilea.

Najiuliza naogopa nini zaidi, Moshi au Jumamosi. Moshi watatazama ndani ya jicho la mwanangu. Jumamosi mume wangu atanitazama mimi.

Nimeshika simu mara tatu nimpigie, na mara tatu nimeiweka chini. Jambo hili halisemeki huku mitambo ikinguruma upande wa pili. Atasema hasikii, nirudie, nami sitaweza kurudia.

Basi itakuwa Jumamosi, kabla hajavua viatu. Nitaanza na uongo, kisha Moshi. Nikianza na Moshi, nitakuwa nimejificha nyuma ya mtoto.